Kutoka "Kiasi Tu" hadi Mezani: Mwongozo Kamili wa Kuandika Mapishi Bora ya Familia na Kulea Watoto Wanaopenda Kula

Ukimwuliza mpishi mzoefu anatia chumvi kiasi gani, atakujibu, "Kiasi tu." Na maji? "Yafunike." Hadi lini? "Mpaka iive." Hakufichi kitu. Mkono wake unajua, pua yake inajua, na miaka yote hiyo hajawahi kuhitaji kijiko cha kupimia. Lakini siku mkono huo ukiondoka, chakula huondoka nao, na waliobaki hukitafuta kwa kubahatisha.

Watu huona kuandika mapishi ya nyumbani ni kazi ya mpishi, na kumfundisha mtoto kula ni kazi ya mlezi. Mimi nimekuja kuamini kwamba ni kazi moja. Mtoto hujifunza kula palepale mapishi yanapojifunzwa: kando ya mtu anayepika, anayekula chakula kilekile mbele yake, siku baada ya siku, bila kumsukuma. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia jikoni, unakwenda mezani, kisha unarudi jikoni.

Hatua ya 1: Yanase mapishi yakiwa bado mkononi

Usimwombe mpishi akutajie mapishi kwa simu. Atasahau nusu, kwa sababu yale anayoyafanya bila kufikiri hayapo kwenye maneno yake. Nenda ukasimame naye siku anayopika kweli. Beba vijiko vya kupimia, kikombe kimoja utakachokitumia mwanzo hadi mwisho, daftari, na mizani ndogo ya jikoni kama unayo.

Nilipotaka kuandika dengu anazopika mama yangu, nilikinga kibakuli chini ya kiganja chake. Akachota chumvi kwa vidole vitatu kama alivyozoea, nami nikamwomba aiangushe kibakulini badala ya sufuriani. Nikapima: nusu kijiko cha chai. Nikamwomba achote tena. Nusu kijiko. Mara ya tatu, vilevile. Kumbe "kiasi tu" kilikuwa kipimo kamili muda wote, ila hakuna aliyekuwa amekikinga.

Mafuta hupimwa kwa njia nyingine. Weka chupa kwenye mizani kabla hajamimina, iweke tena baada ya kumimina. Tofauti ndiyo iliyoingia chunguni. Huna mizani? Mpe mafuta kwenye kikombe ulichokwisha kukipima, kisha angalia kimebaki kiasi gani.

Muda peke yake hautoshi, maana moto wa jiko moja si wa jiko jingine. Andika dalili: kitunguu kimelainika na ncha zimeanza kuwa kahawia, nyanya zimeachana na mafuta, mlio wa maji kaangoni umetulia. Swali lenye faida kuliko yote ni hili: "Umejuaje kwamba tayari?" Uliza kila hatua, hata ukiona unachosha.

Kisha rudi kwako ukapike kwa kufuata daftari tu, bila kumpigia. Mahali utakapokwama ndipo pana pengo la kujaza.

Hatua ya 2: Punguza bila kuua ladha

Mapishi mengi ya nyumbani tayari ni mazuri: nafaka, jamii ya kunde, mboga, mtu akipata na samaki au yai. Mara nyingi kinachohitaji kutazamwa upya ni chumvi, sukari na mafuta.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ukijumlisha na ile iliyo ndani ya mkate na vyakula vya pakiti. Mtoto anahitaji chini ya hapo. Kwa sukari ya kuongeza, pamoja na ile ya asali na juisi, ushauri ni isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Mtoto wa chini ya miaka 2 hahitaji sukari ya kuongeza kabisa.

Usikate kwa mkupuo. Ukiondoa nusu ya chumvi leo, familia itakurudishia sahani, na utaamini kwamba hawapendi chakula chenye afya. Punguza robo, kaeni nayo wiki mbili tatu, halafu punguza tena. Ulimi huzoea, na ukishazoea, kile cha zamani ndicho kinachokuwa chumvi tupu. Wakati huohuo ongeza ladha upande mwingine: kaanga kitunguu polepole hadi kitoe utamu wake, acha nyanya zikauke vizuri, ongeza kitunguu saumu, kamulia limau ukishaipua. Chumvi iliyotiwa mwishoni huonekana zaidi ulimini kuliko ile iliyochemka tangu mwanzo, kwa hiyo kidogo hutosha. Na kama unatumia vidonge vya supu, onja kabla hujaongeza chumvi, maana vyenyewe vina chumvi nyingi.

Kwenye keki na mikate mitamu nenda taratibu zaidi. Sukari pale haileti utamu tu, inashika unyevu na kuleta rangi. Anza kwa kupunguza kidogo, uoke, uonje.

Mafuta usiyaondoe kwenye chakula cha mtoto wa chini ya miaka 2. Ubongo wake unakua kwa kasi na tumbo lake ni dogo. Anahitaji chakula kilichobeba nguvu nyingi mahali padogo. Yaliyo bora ni yale ya mimea yasiyoganda.

Chakula cha sikukuu kiacheni kilivyo, mkile kwa nadra, kwa furaha.

Hatua ya 3: Andika ili asiyekujua aweze kupika

Anza na kinalisha watu wangapi na kinachukua muda gani. Kisha vipimo, kwa mpangilio vitakavyotumika. Kisha namna ya kupika, kila tendo na dalili yake. Mwisho, namna ya kuhifadhi. Sisi kwetu tunaongeza mstari mmoja zaidi: kazi ya mtoto. Ukiuandika palepale kwenye mapishi, hutakuja kuikumbuka kazi hiyo ukiwa umechelewa, kila kitu kimeshakatwa.

Hizi hapa dengu za mama, kama zinavyosomeka leo kwenye daftari letu:

*Dengu nyekundu na karoti. Watu 4, dakika 40.*

*Vipimo:* dengu nyekundu zisizo na maganda (wengine huziita adesi) kikombe 1, maji vikombe 4, kitunguu maji 1, kitunguu saumu punje 3, karoti 2, zikatwe ndogo kama punje za njegere, nyanya 2, mafuta vijiko 2 vya chakula, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, limau nusu.

*Namna ya kupika:* Chambua dengu, zioshe hadi maji yatoke safi. Zibandike na maji na manjano, na zikichemka toa povu linalopanda. Punguza moto, funika nusu, ziache dakika 15 hadi 20, mpaka ukibonyeza moja kwa vidole isambaratike. Wakati huo kaanga kitunguu kwa moto mdogo hadi ncha ziwe kahawia, tia kitunguu saumu, hesabu hadi thelathini, tia karoti na nyanya, pika mpaka nyanya ziachane na mafuta na karoti zilainike. Mimina kwenye dengu, ziache zichemke pamoja dakika 5. Ipua, tia chumvi, kamulia limau.

*Kazi ya mtoto:* kuchambua, kuosha, kukamua limau.

*Kuhifadhi:* zikipoa zitie kwenye jokofu kabla ya saa 2 kupita. Zinakaa siku 3. Zipashe hadi zichemke.

Limau hapo si la harufu tu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye jamii ya kunde hayafyonzwi kwa urahisi, na vitamini C inayasaidia kuingia mwilini. Chai inayonyweka pamoja na mlo hufanya kinyume chake. Mambo ya namna hii yaandike kwenye mapishi yenyewe, hasa yanayogusa usalama. Kwa mfano, maharage mekundu yana sumu asilia ambayo moto mdogo hauiondoi: yaloweke angalau saa 5, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Mpishi wa zamani anaweza kuwa anafanya hivyo tangu utotoni bila kujua sababu, na anayesoma daftari lako asijue kabisa.

Hatua ya 4: Anza na ulimi mapema

Mtoto huanza kuonja kabla hajazaliwa. Ladha ya anachokula mama hufika kwenye maji yanayomzunguka mtoto tumboni, na baadaye kwenye maziwa. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake, watafiti wa Philadelphia, walichapisha matokeo kuhusu kina mama waliokunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha. Watoto wao walipopewa uji wenye ladha ya karoti, walikunja uso kidogo kuliko wale ambao mama zao walikunywa maji. Kwa hiyo mama mjamzito anayekula mboga za aina nyingi ameshaanza kufundisha.

Maziwa ya mama pekee yanatosha hadi miezi 6. Kuanzia hapo mtoto anahitaji chakula pamoja na kunyonya, na Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha kuendelee hadi miaka 2 au zaidi. Anza na vilivyopondwa laini, lakini usikae hapo. Kufikia miezi 8 au 9 awe amezoea mabonge madogo na vya kushika mwenyewe, kwa sababu anayecheleweshwa sana kwenye vilivyosagwa huwa mgumu kulisha baadaye. Tenga chakula chake kwenye sufuria ya familia kabla hujatia chumvi.

Akikunja uso kwa mboga chungu, usiandike kwamba ameikataa. Binadamu huzaliwa akipenda utamu na akiogopa uchungu. Uso unakunjamana huku mdomo ukifunguka tena. Tazama mdomo, na mpe mboga ileile kesho kutwa.

Tahadhari chache hazina mjadala. Asali isitolewe kabla ya mwaka 1, kwa kuwa inaweza kubeba bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari unaolegeza misuli ya mtoto. Karanga na korosho nzima, bisi, na vipande vigumu vya karoti mbichi si vya watoto wadogo, maana humkwama kooni. Zabibu zipasuliwe kwa urefu vipande vinne. Ila karanga zilizosagwa laini na kuchanganywa kwenye uji ni jambo jingine: utafiti wa London uliotoka mwaka 2015, ulioongozwa na Gideon Lack, ulionyesha kwamba watoto walio kwenye hatari kubwa walioanzishiwa karanga ndani ya mwaka wa kwanza walipata mzio wa karanga kwa uchache mno kuliko walioepushwa. Mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza.

Hatua ya 5: Mezani, gawaneni kazi

Hapa ndipo familia nyingi huumia, na mimi niliumia hapa.

Mnamo miaka 2 mtoto aliyekuwa akila kila kitu huanza kukataa. Anakitazama chakula kipya kama kitu cha hatari. Hii ni hatua ya kawaida ya ukuaji, hudumu miaka kadhaa, na haimaanishi umeshindwa.

Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aliweka mgawanyo ambao sijapata ulio bora. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Basi. Shida huanza pale mmoja anapoingia kwenye kazi ya mwenzake: mtoto anapopanga mlo, au mzazi anapohesabu vijiko.

Je, mtoto anaweza kuaminiwa na kiasi? Mwaka 1928 Clara Davis, daktari wa watoto wa Marekani, alichapisha jaribio la watoto walioachishwa ziwa na kuachiwa wachague wenyewe mbele ya trei ya vyakula. Walikula kwa namna ya ajabu, leo hiki tu, kesho kile tu, na walikua vizuri. Lakini alisisitiza jambo ambalo wengi hulisahau: kila kilichokuwa kwenye trei kilikuwa chakula halisi, na hapakuwa na vitamu vya kutengenezwa. Uhuru wa mtoto ulikuwa salama kwa sababu mkubwa alishachagua trei.

Kwa vitendo, mezani kuwe hivi. Milo kwa saa zinazojulikana, vitafunio vimoja au viwili katikati, na baina yake maji tu. Anayetafuna biskuti kila dakika ishirini hafiki mezani na njaa. Maziwa kwa mtoto aliyetimiza mwaka yasizidi sana nusu lita kwa siku, kwa sababu yakizidi hujaza tumbo na kumwacha na upungufu wa chuma. Pika mlo mmoja kwa wote, chungu kimoja, lakini hakikisha pana angalau kitu kimoja ambacho mtoto hukila. Mpakulie kidogo: kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri wake, kwa kila aina, kinatosha kuanzia. Sahani iliyorundikwa inamtisha. Kaeni pamoja, skrini zizimwe, na baada ya dakika 20 au 30 mlo umekwisha, amekula au hakula.

Sasa kuhusu kurudiarudia. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani Leann Birch na mwenzake Diane Marlin walionyesha kwamba watoto wa miaka 2 hukipenda zaidi chakula kadiri walivyokionja mara nyingi. Kwa kawaida huchukua mara 8 hadi 15 kuzoea kitu kipya. Wazazi wengi tunaacha mara ya tatu au ya nne.

Binti yangu alipokuwa na miaka 3 alikuwa akiitoa kila karoti kwenye dengu na kuipanga ukingoni mwa sahani, moja baada ya nyingine, kama askari. Mwanzoni nilibembeleza. Nikaahidi tamu ya mwisho. Akala kipande kimoja huku machozi yakimtoka, na wiki iliyofuata hata dengu zenyewe hakutaka kuziona. Baadaye nilielewa kilichotokea. Birch na wenzake waliwahi kuwapa watoto zawadi ili wanywe kinywaji fulani. Walikinywa, kisha wakakipenda kidogo kuliko mwanzo. Mtoto husoma zawadi hivi: kama ninalipwa, basi hiki ni kibaya.

Tukaanza upya. Vipande viwili tu sahani mwake, bila neno. Wiki kadhaa alivipanga ukingoni. Siku moja akakilamba kimoja. Siku nyingine akatafuna, akatema kwenye kitambaa nilichomwekea kwa kazi hiyo, na hakuna aliyemkaripia. Sikuwa na hesabu kamili, lakini mwezi wa tatu ulikuwa umeingia ndipo alipokula vyote viwili na kuendelea na habari aliyokuwa akisimulia. Hatukupiga makofi. Ilinibidi nitazame pembeni.

Chunga maneno. Badala ya "maliza, ukue," eleza kilivyo: "Hiki kinatoa sauti ukikitafuna." Badala ya "jamani, huyu hali mboga," sema "bado anajifunza," maana jina ulilompa mbele ya wageni atalivaa. Akisema ameshiba, mkubalie. Na usimwambie kwamba tamu ndiyo malipo ya mboga. Siku ya tamu, mpe kipande kidogo pamoja na mlo, amalize habari yake.

Mpeleke kwa mhudumu wa afya akipungua uzito au kuacha kukua, akikohoa na kupaliwa mara kwa mara, akitapika kila anapolishwa, au orodha ya anavyokula ikizidi kufupika. Hayo si ya kusubiri.

Hatua ya 6: Mpe kazi ya kweli

Mtoto anajua kazi ya kweli na ya kumtuliza. Wa miaka 2 ataosha mboga kwenye beseni na kuchambua majani. Wa miaka 3 au 4 atamimina kilichokwisha kupimwa, atakoroga, ataponda. Wa miaka 5 au 6 atakata vitu laini kwa kisu butu na kusoma vipimo nawe. Kuanzia miaka 8 hivi mfundishe kisu chenyewe: vidole vya mkono unaoshika vikunjwe kwa ndani kama makucha, ubao uwekewe kitambaa kibichi chini usiteleze. Jiko la moto lije baadaye, ukiwa kando yake, na vishikio vya kaango vielekezwe ndani. Unga mbichi na mayai mabichi asilambe.

Panga mchafuko wako. Chagua siku isiyo na haraka, kazi moja tu, na ukubali karoti zilizokatwa visivyo sawa ziingie chunguni kama zilivyo. Ukizikata upya mbele yake, umemfukuza jikoni.

Hatua ya 7: Yatoe mapishi yako kwa wengine

Kabla hujayasambaza, mpe mtu mmoja asiyewahi kula chakula hicho akipike kwake. Usimweleze neno lolote nje ya maandishi. Mwulize aliposita, kisha rekebisha.

Taja waziwazi vinavyoleta mzio: maziwa, mayai, karanga, korosho na jamaa zake, ufuta, ngano, soya, samaki, kamba. Toa mbadala uliowahi kuujaribu mwenyewe tu. Taja yalikotoka: "ya mama mkubwa," "ya jirani yetu," na umwombe ruhusa mwenyewe. Eleza pia mtoto wa umri gani anaweza kula na kitu gani kipunguzwe kwake. Na wanaokurudishia majibu, yaandike pembeni mwa ukurasa pamoja na tarehe, yasipotee.

Ukurasa wetu wa dengu una doa la manjano pembeni. Zamani uliandikwa "karoti 2, vipande vya wastani." Binti yangu alipofika miaka 7 alikata mstari juu ya maneno hayo kwa penseli na kuandika juu yake, "ndogo kama njegere, ndiyo zinakuwa tamu." Tukajaribu. Sasa kila tunayempa mapishi haya tunampa ya karoti ndogo.